Uzi wa Manjano

Jumanne, 8 Aprili

Miezi mitatu sijaandika hata mstari. Niwie radhi, daftari. Sikuugua, sikuwa na la kuandika. Kijiji hiki huzalisha mbuzi na kelele tu.

Leo kuhani amenifunga uzi wa manjano wa kiapo mkononi. Sikukuu ya Mama Mariamman, mungu wetu wa kike, imeanza — siku nane, mwenyeji yeyote asilale nje ya kijiji. Sheria nyepesi, hata mbuzi angeielewa. Wazee wamenipa niisimamie, maana wao wote wana ndugu wa kuwaficha.

Kuhani alifunga uzi huku simu i sikioni! Nikamkemea.

"Mwalimu, Mama mwenyewe hajalalamika."

Mpumbavu.

Alhamisi, 10 Aprili

Sornam, jirani yetu, kashuka basi la alfajiri. Amelala kwa bintiye mjini! Nilimhoji palepale bombani, watu wakisikia. Ati mjukuu ana homa. Kila mvunja sheria ana mjukuu mwenye homa.

Nimemtoza adhabu ya desturi: mitungi saba ya maji ya mwarobaini, kutoka kisimani mpaka hekaluni, peku. Umri wake miaka sitini na nne. Aliibeba yote. Kwenye wa saba akasimama mbele ya baraza yangu.

"Na wewe una binti, Mwalimu."

Upuuzi haujibiwi.

Jumapili, 13 Aprili

Simu, saa nane mchana. Poongodi, binti yetu — mimba ya miezi saba, anatoka damu. Yuko hospitali ya mjini, jioni watampasua. Mumewe yuko Maskati. Anamwita baba yake.

Basi la mwisho ni saa kumi na moja. La kurudi halipo mpaka kesho.

Mke wangu Kanagam amefunga mzigo bila kuniuliza.

"Baba Poongodi, unakuja, au unabaki kulinda uzi?"

Nikasema sheria ni sheria, nitafakari kwanza.

"Tafakari. Mtoto atakungoja ndipo azaliwe!"

Akaenda zake kituoni. Hajawahi kunisemesha hivyo, miaka arobaini na moja.

Kisha akaja Sornam. Nilitarajia acheke — ningejua la kumjibu. Ameniwekea wali wa ndimu uliofungwa kwenye jani la mgomba.

"Wa njiani. Na mitungi ipo kwangu, Mwalimu. Ukirudi nitakuazima."

Mwanamke hana adabu. Wali bado una moto.

Saa kumi na nusu imepita. Uzi unanibana mkononi. Nitaandika nikishaamua — nimekwisha kuvaa kiatu kimoja.