Mifuko ya Maziwa ya Bi Tatu

Jumapili, Mkuza, Kibaha. Mvua imekatika saa nne na jua limetoka, lakini nimeshinda ndani. Sina uso wa kukaa na watu leo.

Asubuhi mjukuu wangu Rehema, anayesomea uuguzi, alinisomea daftari lake. Mimi nesi mstaafu nikajiweka tayari kumkosoa. Akasoma kwamba seli zilizotanda ndani ya utumbo si ukuta tu. Hupeleka habari kwa askari wa mwili na kuwatuliza: hiki ni chakula, kiacheni kipite. Mtoto akiharisha sana, seli zile zikaumia, askari wanaweza kuyaona hata maziwa ya ng'ombe kuwa adui. Basi kila akinywa, anaharisha tena.

Nikasingizia kichwa kinaniuma. Akafunga daftari.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa nesi kijana kule Mzenga, Kisarawe. Nilikuwa nagawa maziwa ya unga ya msaada, na kila Jumatano napita nyumba hadi nyumba kukagua vyoo na vichanja vya vyombo. Bi Tatu alikuwa na mtoto mchanga, Zuhura, aliyeharisha wiki nzima na hakupona vizuri.

"Nesi, maziwa haya ndiyo yanayomchafua tumbo mwanangu," aliniambia. "Nikiyaacha anapata nafuu."

"Maziwa hayana kosa," nikamjibu. "Kosa ni uchafu wako."

Kichanja chake kilikuwa kisafi kuliko changu.

Kwenye mkutano wa kijiji nikasoma jina lake katika orodha ya nyumba chafu. Akajifunika uso kwa kanga, Zuhura mgongoni. Haukupita mwezi mtoto akanenepa. Nikamsimamisha tena mkutanoni, anishukuru kwa somo la usafi. Akanishukuru, maskini, na watu wakapiga makofi.

Mchana kutwa nimejitetea kwamba wakati ule sikujua mambo ya seli. Ni kweli, sikujua. Lakini siku chache kabla ya makofi yale nilimkagua Bi Tatu, nikaona mifuko ya maziwa imepangwa nyuma ya mtungi, hata mmoja haujafunguliwa. Mtoto alikuwa ananyonya ziwa la mama yake na kunywa uji wa mchele. Nilielewa palepale, nikanyamaza. Nilipenda sifa.

Mifuko niliiona.

Nasikia Bi Tatu yu hai, anakaa na huyohuyo Zuhura. Alinizidi umri, lakini kwa sababu ya gwanda langu jeupe nilikuwa nangoja aniamkie yeye. Kesho nakwenda Mzenga, na nitaanza na shikamoo.

Ila nilimwaibisha mbele ya kijiji kizima, na wengi waliosikia wamekwisha kufa. Nitamwomba radhi mbele ya nani?