Mpini wa Mpingo

Malindi, Shaaban

Dada yangu Mwanatumu, shikamoo. Kitambaa ulichotuma kutoka Lamu kimefika, na mama ameshakishona.

Mimi nina hasira. Mzungu mwenye shamba la pamba aliniletea fimbo yake ya gofu, ule mchezo wao wa kupiga kijipira. Kichwa cha chuma kilikuwa kizima, mpini umevunjika. Nikamchagulia mkone, mti unaopinda ukarudi. Yeye akataka mpingo, kwa kuwa ni mweusi na unang'aa.

"Bwana, mpingo haupindi," nikamwambia. "Ukipiga chini utakatika."

"Fundi, wewe hujui gofu."

Gofu siijui, lakini miti naijua miaka ishirini. Nikauchonga alivyotaka, akaniamuru nisimame karibu aujaribu. Pigo la pili mpini ukakatika, kichwa kikaruka kikaniponda vidole vya mkono wa kulia. Hakuniuliza hata hali, na sasa anatangaza mjini kwamba kazi yangu ni mbovu.

Usiishangae hati hii, naandika kwa mkono wa kushoto. Jana ametuma mtu kuuliza kama ule mkone bado upo. Nimemjibu upo, ila wa kuuchonga hayupo.

Nduguyo akupendaye,
Harith