Dari ya Chumba Chako

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa kidogo, kama mjinga, nikisubiri marahaba yako.

Dari ya chumba chako imekwisha. Tuliipigilia Jumamosi, mimi na Mama, vibao vyote vya maganda ya kahawa. Maganda ni yale yale ya kiwandani Mbinga, uliyokuwa ukiyaona yakirundikwa na kuchomwa miaka yote uliyofanya kazi ya kukoboa. Ulipoanza kuyaleta hapa Matiri kwa magunia, ukayachanganya na udongo na uji wa muhogo, nilikucheka kuliko majirani. Nilikuuliza kama sasa tutakula dari. Ukanipa kibao cha kwanza nikibebe, na kilikuwa chepesi mpaka nikakiinua kwa mkono mmoja.

Ukaanza kuwapigilia wateja dari hizo za kuzuia baridi na joto, na wewe ukajiweka wa mwisho. Hata shangazi kule Lipingo, anayelalamikia joto la ziwani, alipata dari kabla yako. Siku uliyoshuka kumpigilia yake, uliniachia vibao vya chumba chako nivikaushe. Na mimi niliyekulia kwenye kahawa nikavianika juani juu ya chanja, nikavigeuza kama ninavyogeuza kahawa. Siku ya tatu vyote vilikuwa vimepinda na kupasuka. Uliporudi ulivitazama, ukasema, "Hii siyo kahawa, mwanangu. Hii inataka kivuli." Laiti ungenigombeza.

Tukakubaliana kutengeneza vingine baada ya mavuno. Baridi ya Julai ikatuwahi. Ulilala chini ya bati tupu, unakohoa, nasi tunasema ni mafua. Daktari alisema nimonia, tena kwamba mapafu yako yalikuwa yamechoka tangu zamani, na Mama hunirudia maneno hayo kila nikilia. Sijaweza kuyaamini, Baba.

Jumapili asubuhi Mama alitoka chumbani humo. Alikuwa amelala mle kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na sweta alikuwa ameivua. Akasema taratibu, "Kuna joto." Halafu akakaa mlangoni akalia, nikakaa naye, kwa sababu joto lile lilikuwa lako.

Kazi yako sitaiacha. Mwaka huu nitaanza na wazee, kabla ya mteja mwingine yeyote, na hakuna nitakayemwambia asubiri mavuno yaishe.

Pumzika, Baba. Nisamehe wewe kwanza, maana mimi bado nashindwa.

Binti yako,
Skola