Breki Namba Wani

Jumatatu, 3 Februari
Leo visigino vyangu vimepumzika! Kampuni ya mikokoteni imetupa mipya tuijaribu, mimi na Ntongai, mwenzangu wa kuuza maji. Ina breki, honi na mwavuli. Breki! Ule wa zamani niliuzuia kwa miguu kwenye mteremko wa Chechelesi, mpaka ndala zikaisha na ngozi ikafuata. Leo nimevuta waya tu — mitungi kumi ikasimama kama askari. Nimeshuka nikipiga mluzi. Mke wangu kule Lodwar angeniona!

Alhamisi, 6 Februari
Honi ya Ntongai imetawanya mbuzi sokoni. Inalia kama lori. Mama mwenye mbuzi akamuuliza, wewe Mmeru, unauza maji ama unatangaza kiyama? Akajibu: vyote viwili, mama, nikuletee mitungi mingapi?

Jumanne, 11 Februari
Msichana wa kampuni, Hamdi, amekuja Kiwanjani na tabuleti. Anataka kujua tumeridhika na nini. Kila kitu unakipa namba, moja mpaka tano. Alipoanza kueleza hizo namba, Ntongai akapiga honi kumuonyesha — sikusikia hata neno. Kuuliza tena niliona haya. Lakini namba ni namba. Darasani wa kwanza ndiye bora. Mimi nilikuwa wa thelathini na tisa, najua vizuri.

Breki nikaipa moja. Kwa sauti kubwa: moja, madam, andika moja! Mwavuli tatu. Ile kelele ya honi, tano, ishike mkia. Ntongai akafuata zangu. Hata honi ameinyima namba nzuri — tangu siku ya mbuzi yule mama hanunui kwake.

Hamdi akaniangalia kwa huruma. Pole sana, kaka, akasema. Pole ya nini?

Jumatano, 19 Februari
Lori limechukua mikokoteni yetu, likaacha mingine. Natafuta waya wa breki — hakuna. Honi — mbili kila mkokoteni!

Nikamuuliza Hamdi, aliyekuja na lori, breki imeenda wapi. Akashangaa. Si mliichukia? Mliipa moja. Moja ni mbaya kabisa, kaka, tano ndiyo safi.

Nikakaa chini. Nikamweleza mambo ya darasani. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. Halafu akapiga simu ofisini, nikiwa hapo hapo, akanitetea kweli. Wamekataa. Tutumie hii kwanza, tujibu upya mwisho wa mwezi.

Ntongai ananilaumu: Lowoi, si wewe ndiye umesoma? Mimi nilikufuata!

Kusoma gani? Darasa la sita.

Ijumaa, 21 Februari
Niko juu ya mteremko wa Chechelesi, nimekalia mtungi. Jiwe liko chini ya gurudumu. Kule chini wanangoja maji kabla ya swala, na mama mmoja ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama nayachimba.

Nilimwambia Ntongai tushushe mkokoteni mmoja kwanza, tuushike wote wawili, halafu turudi kwa wa pili. Akacheka. Wacha uoga, Mturkana, huu mteremko unanijua! Akatoa jiwe lake, akaenda.

Amepita kona. Simuoni.

Nasikia honi.

Sasa zote mbili.