Hariri Kwenye Kidole cha Shahada

Jumatatu, 4 Juni 1973

Hariri imebanduka tena. Mara ya tatu. Safari hii haikumaliza hata siku mbili. Niliona ukingo umeinuka nikiwa ubaoni, darasa la tano, nikaficha kidole nyuma ya kifutio.

Nimeanza upya. Spiriti ya zahanati kwanza, kutoa mafuta. Msasa laini, kidogo tu. Kipande cha hariri, nimekikata kwenye kitambaa cha kichwa alichokiacha Mwanaidi. Gundi ya seremala, kisha vanishi juu. Ukucha wa kidole cha shahada ulipasuka mwezi uliopita, na bila ukucha huo gitaa langu ni bubu.

Nilimwona Mgoa mmoja akifanya hivi Tanga, enzi zile tukipiga bendi pamoja. Wake ulikaa mwezi mzima. Lakini Tanga ni joto. Huku Mlola ukungu unaingia mpaka kwenye sanduku la nguo.

Jumatano, 6 Juni

Watu wa redio watafika Lushoto tarehe 23 kurekodi wanamuziki wa wilaya. Jina langu limo. Mwalimu mkuu aliniambia kwa sauti ileile anayotangazia kwamba chaki zimekwisha.

Mwanaidi aliteremka Mombo mwezi wa pili, akapanda basi kurudi kwao Tanga. Alisema ni baridi. Alisema pia kwamba kukaa na mimi ni sawa na kukaa na ukuta, siku nzima neno moja. Kweli. Mke wangu hakusema uongo. Maneno sina, ila wimbo ninao, nimeutunga kwa ajili yake. Redio ya mama yake haizimwi tangu alfajiri. Atausikia. Ndilo shauri langu lote.

Jumamosi, 9 Juni

Shamba la kijiji. Tumelima matuta ya viazi mpaka saa saba. Kidole nilikifunga kitambaa. Katibu wa kijiji akakiona, akataka kujua, nikafungua.

"Mwalimu, hizo ni kucha za mnyonyaji, si za mkulima!"

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nilikasirika sana.

Ajabu ni kwamba jembe halikuharibu kitu. Nimerudi hariri iko palepale. Jioni ikaanza kuinuka. Sielewi.

Jumapili, 10 Juni

Makosa mawili nimeyaona. Hariri ilikuwa inagusa ngozi. Yatakiwa iishie kabla ya ngozi, ibaki nafasi ya upana wa uzi, la sivyo ngozi inaisukuma. Pili, ncha ya ukucha nilikuwa siipaki vanishi kwa chini, na hapo ndipo maji yanapopenya.

Kukausha jikoni hakufai. Nilijaribu, vanishi ikatoa malengelenge. Saa sita jua lilichomoza kidogo, nikakaa kizingitini nimenyoosha kidole. Wanawake waliotoka sokoni wakanisalimu Kishambaa. Nikajibu lile neno moja ninalolijua. Wakapita.

Jumanne, 12 Juni

Imeinuka. Si jembe, si baridi. Ni udhu. Mara tano kwa siku nakilowesha, kitakauka saa ngapi?

Na liko jambo jingine nililokuwa nalikwepa. Hariri ikishika sawasawa, maji hayafiki kwenye ukucha. Yasipofika, udhu haukutimia, na sala nayo hivyo hivyo. Hili nililijua chuoni, nikisoma Kurani, ningali mtoto. Nimejifanya mjinga mwezi mzima.

Leo nimebandika upya. Sikwenda msikitini. Baada ya tarehe 23 nitazilipa sala zote. Naona aibu hata kuliandika.

Ijumaa, 15 Juni

Nimekosa sala ya Ijumaa. Nilikaa ndani, mlango nimeurudisha, nikasikia ndala za watu zikienda, kisha zikirudi. Hapa Mlola ni msikitini tu ambako watu hunishika mkono. Wakitoka huketi barazani wananifundisha Kishambaa, nikikosea wanacheka mpaka wanajifuta machozi.

Nimechemsha viazi. Nikala nimesimama.

Jumatatu, 18 Juni

Siku ya sita, imeshika. Haijainuka hata unywele. Vyombo naosha kwa mkono wa kushoto. Uso pia.

Gitaa linasema! Nimeupiga wimbo mara tisa, kila uzi unajibu. Nilitamani mtu yeyote aseme chochote. Nje ya shule sijazungumza na mtu tangu Jumanne, ukimwacha kuku wa jirani. Nina upweke. Basi, nimesema.

Alhamisi, 21 Juni

Alasiri nilisikia hodi. Nafungua, wanaume sita wa msikitini. Mbele Mzee Hoza, anayeadhini, na fimbo yake na chupa ya uji imefungwa kwa kanga. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia huku ananitazama macho, ulimi, rangi.

"Tulisema mwalimu wa watu anaumwa, hana mke wa kumtazama, na sisi tumekaa tu. Tusamehe, mwanangu."

Walidhani naumwa. Wangedhani nini tena? Wakaketi. Wakaniombea dua ndefu, mikono juu, wote sita. Uji ulikuwa na maziwa. Nilitaka ardhi inimeze.

Wakati wa sala ukafika, wakasema tusali papa hapa na mgonjwa. Mmoja akasema baridi hii nisiguse maji, nitayamamu kwa udongo, mgonjwa ana ruhusa. Akatoka, akarudi na udongo mkavu kwenye sahani yangu mwenyewe. Akaniwekea mbele.

Ningeweza. Hakuna ambaye angejua. Siku mbili tu zimebaki.

Nikawaambia. Kidole, hariri, redio, Mwanaidi, vyote. Sijapata kusema maneno mengi hivyo katika nyumba hii. Hakuna aliyecheka. Nikaingiza wembe chini ya hariri, nikavuta. Ilikuwa imeshika kwelikweli. Ilitoka na ngozi ya juu ya ukucha, na ule mpasuko ukafika kwenye nyama. Mzee Hoza akachukua birika, akanimiminia maji mwenyewe, mpaka mwisho.

Ijumaa, 22 Juni

Nimesali Ijumaa. Kidole kinauma. Nimekata kucha zote fupi.

Jumamosi, 23 Juni

Nimekwenda Lushoto. Nimepiga kwa nyama ya kidole. Fundi wa redio alisogeza maikrofoni mara mbili. "Ndugu, ongeza sauti." Sikuwa nayo. Akasema ahsante, akaita kikundi cha ngoma.

Nimerudi kwenye lori la kabichi.

Jumapili, 1 Julai

Leo ndipo walipotoa kipindi. Tulisikiliza kwa Mzee Hoza, wote sita na mimi. Ngoma ilitoka, kwaya ikatoka, mzee wa zeze akatoka. Mimi sikutoka. Mzee Hoza aliendelea kuishika redio hata taarifa ya habari ilipoanza, kisha akaizima.

Nililia kidogo njiani. Ukungu ulikuwa umeshuka, hakuna aliyeniona.

Shule zinafungwa Ijumaa. Nimeomba nafasi kwenye lori mpaka Mombo, kisha basi la Tanga. Gitaa naliacha kwa Mzee Hoza. Nikilibeba nitalipiga, halafu nitanyamaza.

Nimefua shati. Njia nzima nitakuwa natafuta la kusema, na nikifika mlangoni nitalisema kwa mdomo, hata likiwa baya. Sijui kama atanifungulia.