Albumini na Mayai ya Mama Kinya

Alhamisi, Nkubu. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kuingia mifupani. Nimefunga duka mapema. Leo sitaki kutazamwa.

Kazi yangu ni fotokopi, karibu na hospitali. Watu huleta majibu ya maabara niwatolee nakala za kupeleka kwa bima, nami huyasoma kabla mashine haijapata moto. Udaktari sijausomea. Nimesomea karatasi za watu.

Mwezi uliopita jirani yangu Mama Kinya alileta yake. Miguu imemvimba, albumini, ile protini ya damu, iko chini. Alikuwa ameambiwa arudi baada ya wiki moja apimwe mkojo.

"Daktari wa fotokopi," akanitania, "hii albumini ni mnyama gani?"

Nilifurahi kuulizwa! Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba neno limetoka Kilatini: albus, nyeupe; albumen, ute mweupe wa yai. Protini hiyo ikipashwa moto huganda kama ute wa yai, ndiyo maana ikapewa jina hilo.

Yote kweli. Ningeishia hapo.

Nikaongeza: "Kwa hivyo kula mayai, mama. Hospitali itangoja."

Wala sikutosheka. Jumapili kwenye jumuiya yetu ndogo ya kanisa nikasimama kueleza kwamba dawa ya Mama Kinya ni mayai, nikamwaga Kilatini mbele ya katekista mwenyewe. Na sisi jumuiya mgonjwa wetu hatumwachi hivi hivi: kila nyumba ikampelekea mayai ya kienyeji. Akala wiki nne, hospitali ikingoja kama nilivyoiagiza.

Leo ndiyo amerudi huko. Kumbe figo zake zinavuja, albumini inatoka na mkojo. Mtungi umetoboka, mimi nasema ongezeni maji. Dawa angeanza mwezi uliopita. Kama figo zitapona, hawajui bado.

Alipita dukani kuniambia.

"Daktari aliuliza ni nani alinishauri. Nikasema ni ukaidi wangu tu."

"Mama, si ungenitaja?"

"Nikutaje? Wewe hata bibi hujapata. Jina likiharibika utaoa nani?"

Akacheka. Kisha akanipa mayai matano yaliyobaki, ameyafunga kwa gazeti. Yako hapa mezani ninapoandika.

Nilijua jina. Ugonjwa sikuujua.

Jumapili hii jumuiya inakutana nyumbani kwa Mama Kinya. Nataka nisimame tena, safari hii niseme kwa Kimeru kwamba ushauri ule ulikuwa wangu, asiwepo wa kunielewa nusu. Nimeshamtumia mwenyekiti ujumbe aniwekee nafasi, kwa sababu najijua: nikiachiwa hadi siku yenyewe, nitasingizia mvua.