Mama Hapandi Tena Makaburini

Loon, 4 Novemba

Dada mpenzi Rosenda,

Pokea salamu zetu sote. Vipi wewe na tajiri yako huko Hong Kong, na yale mafua yamekwisha? Huku mwili mzima, ila akili sina uhakika nayo. Yaliyonifika wiki hii, weeh!

Ile simu uliyomchukulia Mama kwa mkataba, kampuni iliifunga isikubali laini nyingine, na mtandao wao hapa kwetu haushiki ila kule juu makaburini. Jumapili alipanda kukupigia wewe. Jioni nyingine alipanda pia, tukaamini anamlilia marehemu Baba. Hata Padre alimsifu kanisani, akawaambia wanawake waige.

Nikayaonea huruma magoti yake. Mkataba umekwisha, simu ni mali yake, kwa nini kampuni iendelee kumshika kama kuku aliyefungwa mguu? Nikaipeleka kwa fundi mjini Tagbilaran akaifungua, tukatia laini inayoshika hadi jikoni. Mama alinikumbatia kwa furaha.

Tangu hapo hajakanyaga makaburini. Hata Siku ya Wafu! Watu wote wako kule na mishumaa, mimi peke yangu nang'oa majani kaburini, na jirani yetu Conching ananiuliza kwa sauti Mama yuko wapi, au Baba amefufuka yuko naye nyumbani? Niliona aibu, Dada!

Nikashuka nimefura. Nikamkuta jikoni, simu sikioni, anacheka kama msichana. Nikamwuliza kama ni wewe. Akasema si wewe, ni Eleuterio, yule mwoka mikate wa Calape aliyefiwa na mkewe. Wanazungumza mwaka wa nne sasa. Pale pale kaburini kwa Baba! Nikamwambia hana haya. Akanijibu, simu hajaitua, kwamba niache kelele: Baba ndiye wa kwanza kujua, amesikia kila neno na hajapinga, sembuse mimi.

Jana mzee huyo kaja na ndugu zake na nguruwe wa kuchoma, kuposa. Babu na Bibi hawapo tena duniani, basi akaniomba mimi nimwoze mama yangu mzazi! Matusi nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikamtazama Mama. Alikuwa anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa, hathubutu kuniangalia. Mama yetu, asiyeogopa mtu, ananiogopa mimi.

Nikakubali, Dada. Kwa niaba yangu na yako. Nisamehe sikukuuliza kwanza.

Mama anakusalimu sana. Ukimpigia ukikuta simu inatumika, vumilia tu.

Mdogo wako akupendaye,
Wilmar